Nyumba Nyuma ya Gari: Kupanga Tela la Kulala Unguja kwa Fedha Kidogo

Kabla hujaenda kwa fundi wa kuchomelea, tandaza ramani ya Unguja. Kisiwa hiki kina urefu wa kilomita 85 hivi, na upana wake haufiki 40. Kutoka mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60, na hadi Makunduchi ni zaidi kidogo tu. Popote utakapolala, soko, fundi na hospitali haviko mbali zaidi ya saa mbili za mwendo wa pole. Basi huna haja ya kubeba chakula cha wiki mbili wala tangi la maji la lita mia. Wanaotengeneza nyumba za magurudumu Marekani au Australia huzipangia nchi ambako mtu aweza kuendesha kutwa asione duka. Ukiiga mahitaji yao utajaza tela vitu usivyovitumia, na kila kilo unaikokota kwa petroli yako.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu anayefuata riziki: fundi cherehani au fundi simu anayehama kijiji baada ya kijiji, muuza vyombo, kijana wa kazi za msimu kwenye hoteli za Paje na Nungwi ambaye kodi ya chumba humla nusu ya mshahara. Mtu huyo anahitaji mambo matatu: mahali pakavu pa kulala, mahali pa kufungia mali yake, na kivuli cha kukaa mchana. Mengine yote ni ziada, na ziada isubiri.

Maisha ya aina hii si mageni kwetu. Wavuvi wa Kojani, kule Pemba, wanajulikana mwambao mzima kwa kwenda dago. Hufuata samaki na upepo, wakapiga kambi ufukweni mbali na kwao, wakakaa wiki au miezi, kisha wakarejea. Ukipata nafasi ya kufika kambini kwao, angalia walichobeba: mchele, sufuria, madumu, nyavu, mkeka, taa, na turubai au tanga la chombo la kujifunikia. Halafu angalia walivyochagua mahali. Maji ya kunywa yako karibu, upepo hauwapigi usoni, na mwenyeji amekwisha kuombwa ruhusa. Wamepanga mahali kwanza, vyombo baadaye. Nami nakusihi uanze hapo hapo: andika majina ya vijiji vitatu au vinne ambako kweli una kazi au jamaa, na jiulize kila kimoja utapata wapi maji, kivuli, choo na mtu wa kukulindia. Kijiji kisichokuwa na jibu, kifute.

Sasa uzito. Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa lake huonekana barabarani, si karakana. Katika nchi nyingi za Ulaya, tela lisilo na breki zake lenyewe haliruhusiwi kuzidi kilo 750, wala kuzidi nusu ya uzito wa gari linalolikokota. Hata pale ambapo hakuna anayekupimia, ifanye kanuni yako, kwa sababu ni kinga ya maisha ya watu. Gari dogo la Kijapani lenye uzito wa kilo 1,100 likokote tela lisilozidi 550. Kirikuu ya injini ya sisi 660 ni nyepesi zaidi ya hapo, na kule Japani gari la aina hiyo huruhusiwa kubeba kilo 350 tu mgongoni. Kama unayo kirikuu, ushauri wangu ni kwamba usiifungie tela kabisa: jenga chumba juu ya bodi yake, na hesabu nitakazokupa za mbao zitakufaa vilevile.

Chukua vipimo vya tela kutoka kwenye bao la dukani. Playwudi na marinibodi huuzwa futi 8 kwa 4, yaani mita 2.44 kwa 1.22. Tela la ukubwa huo huo halikati bao ovyo na halipotezi kitu. Godoro la futi tatu na nusu kwa sita litaingia ndani yake hata ukishaweka nguzo za ukuta, na miguuni patabaki futi mbili za kabati na jiko. Wawili watalala kwa kubanana. Mmoja atalala kwa raha. Urefu wa ukuta uwe futi nne: hutasimama ndani, utakaa na utalala. Anayetaka kusimama ndani anajenga ukuta wa mita mbili, na upepo wa kusi ukimkuta ubavuni kwenye barabara ya wazi ya kusini mashariki, atajua kwa nini majahazi hushusha tanga.

Fremu ya chini itengenezwe kwa bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, unene wa 3. Bomba hilo lina kama kilo 4.3 kwa mita. Ukihesabu miimo miwili ya mita 2.4, mataruma manne ya mita 1.2, na mikono miwili ya mbele inayokutana kwenye kiungio, unapata mita kumi na mbili na nusu hivi, yaani kilo 55. Nunua vipande vitatu vya mita 6. Kitakachobaki kitakuwa miguu minne ya kusimamishia tela likiwa limefunguliwa. Ekseli, habu, springi na magurudumu mawili, vikitolewa kwenye gari dogo lililokatwa, weka kilo 70. Sakafu ni bao moja la milimita 12, kilo 20. Kuta na paa ni mabao manne ya milimita 6, kila moja kilo 10. Nguzo, bawaba na komeo, kilo 30. Hadi hapo una kilo 215.

Kisha panga mzigo. Godoro kilo 10, madumu mawili ya maji kilo 40, mtungi wa gesi wa kilo 6 ambao ukijaa huzidi kilo 12, vyombo vya jikoni 15, betri na paneli 25, zana 15, nguo na matandiko 20. Jumla yote ni karibu kilo 355. Umebakiwa na nafasi ya bidhaa au cherehani yako, na bado hujafika kwenye kikomo. Fanya hesabu hii kwa kalamu kabla ya kununua msumari mmoja, na kila kitu kipya kinachotaka kupanda telani kiandikwe uzito wake.

Uzito ukishajulikana, uugawe. Ekseli isikae katikati kabisa ya tela bali nyuma kidogo ya katikati, na vitu vizito, yaani maji, betri na zana, vikae juu yake au mbele yake kidogo. Kiungio kinatakiwa kulalia gari kwa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote: tela la kilo 400 liegemee kwa kilo 40. Kupima ni rahisi. Weka mizani ya kupimia watu juu ya tofali, simamisha kiungio juu yake kwa kipande cha mti mpaka tela lilale sawa, usome. Mbele pakiwa pepesi, tela litaanza kuyumba kushoto na kulia kwenye mteremko, na gari litayumba nalo. Ikitokea hivyo usikanyage breki kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta na shika usukani sawa mpaka mwendo upungue.

Magurudumu yawe ya saizi moja na ya gari lako, yenye idadi ileile ya nati, ili tairi moja la akiba litumikie pande zote mbili. Tafuta beringi ambazo gereji yoyote ya Unguja inazo. Ukiletewa ekseli nzuri sana ya gari ambalo hulioni mwenzake barabarani, iache. Fedha yako ndogo iende huku chini kwanza: ekseli, beringi, tairi, kiungio, mnyororo wa usalama na taa. Pazia na mito vitapatikana hata kwa shangazi.

Kwa bodi, mtafute fundi seremala aliyewahi kujenga bodi za mbao za daladala zetu. Mafundi hawa wanajua jambo ambalo vitabu vya wageni havikufundishi: katika joto la pwani, gari lenye kuta nzima ni adhabu. Daladala la mbao lina ubavu wa chini, nafasi wazi juu, na turubai la kuteremshwa mvua ikija. Fuata umbo hilo. Ukuta wa ubavuni uwe mzima futi mbili za chini tu. Futi mbili za juu ziwe ubao wenye bawaba kwa juu, unaoinuliwa na kuegemezwa kwa fito mbili. Ukiinuliwa unakuwa ukumbi, ukiteremshwa na kutiwa komeo unakuwa ukuta. Fanya hivyo pande zote mbili, na nafasi iliyo wazi uitie wavu wa mbu kutoka ndani. Malaria imepungua sana Zanzibar kwa kazi kubwa ya miaka mingi, na wewe unayelala kijiji tofauti kila mwezi usiwe mwenye kuilegeza kazi hiyo.

Nyumba ya Mswahili haijawahi kuishia mlangoni. Kwa hiyo baraza ihesabu kama nusu ya makao yako. Nunua turubai zuri la mita 3 kwa 4, lenye vitundu vya kamba vilivyotiwa chuma, na kamba za kutosha. Mkeka chini ya turubai ndio sebule, karakana na duka. Makuti ni mazuri kwa kibanda cha mahali utakapokaa miezi; juu ya tela linalotembea hayafai, kwa upepo na kwa moto.

Miti iteue kwa kazi yake. Mbao za paini zilizotiwa dawa, zinazotoka Bara kwenye mashamba kama la Sao Hill, ni nyepesi na zinafaa nguzo. Mfenesi hauliwi na mchwa kirahisi, na ukipata vipande vyake tumia kwenye kizingiti na pembeni. Mwembe ni wa bei nafuu lakini mchwa wanaupenda. Mvinje ni mgumu, ila ni mzito na hupasuka, basi uache kwa fito za nje.

Adui wa kweli wa tela Unguja ni chumvi. Ukipaki mwezi mmoja Jambiani bila uangalifu, chuma kitaanza kutoa kutu kwenye kila tundu la boliti. Ziba ncha za mabomba ili unyevu usiingie, au kama yako wazi toboa vitundu vya chini maji yatoke. Paka rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya rangi ya juu, na usisahau upande wa chini ambao hauonekani. Boliti ziwe zilizotiwa zinki. Kama paa lako ni la bati la alumini na limelala juu ya chuma, weka kati yake vipande vya tyubu kuukuu ya tairi, maana alumini na chuma vikigusana penye chumvi hulana. Kila utokapo ufukweni, osha magurudumu na springi kwa maji ya kisima. Na ukiwa Nungwi, kaa nusu siku na mafundi wa majahazi. Uone wanavyotia kalafati, pamba iliyotiwa mafuta na kushindiliwa kwenye kila ufa kwa subira, na uulize maswali yako ya maungio ya paa. Hao wamezuia maji kuingia kwenye mbao maisha yao yote. Mafuta ya sifa wanayopaka ubao wa nje ni kinga nzuri, lakini chumbani usiyalete: harufu yake hailaliki.

Umeme ni jambo dogo ukilipanga dogo. Kisiwa kilijifunza kwa tabu thamani ya kuwa na chanzo chako: waya wa baharini unaoleta umeme kutoka Bara ulipokufa mwaka 2008 giza lilidumu karibu mwezi, na kuanzia Desemba 2009 likadumu miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013. Kwa tela, paneli moja ya wati 100 yatosha. Siku ya jua zuri itakupa wati-saa 400 hivi. Taa mbili za wati 5 kwa saa tano ni 50. Simu mbili ni 30. Feni ya wati 15 kwa saa nane ni 120. Umetumia 200, nusu ya ulichopata, na nusu ya pili ni ya siku ya mawingu. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 inafaa, mradi usiimalize zaidi ya nusu. Weka fyuzi karibu kabisa na betri, na kidhibiti cha chaji kati yake na paneli.

Paneli ilale karibu bapa. Unguja iko digrii 6 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini, Juni huelekea kaskazini, Desemba husogea kusini. Hakuna upande mmoja wa kuiinamishia mwaka mzima, basi iinue kidogo tu ili mvua ioshe vumbi na chumvi. Ukitaka kujifunza kufunga na kutengeneza mfumo huu, uliza kuhusu kituo cha Barefoot College cha Kinyasini, ambako akina mama wa vijijini hufundishwa ufundi wa sola. Kwa kuchomelea na useremala, Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Mwanakwerekwe kimetoa vijana wengi wanaotafuta kazi ya kwanza, na wengi wao watakujengea kwa bei ya haki na kwa moyo.

Jiko lisiingie ndani. Mahali pake ni nyuma ya tela, chini ya mlango unaofunguka kwenda juu. Mtungi wa gesi uwe kwenye sanduku lake lenye matundu chini, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hujikusanya sakafuni. Seredani ya makaa ni haramu chumbani hata ikiwa imebaki majivu na usiku una baridi ya kipupwe: hewa yake yenye sumu haina harufu, na aliyelala haamki.

Mwaka uupange kwa pepo. Kusi inapovuma, kuanzia Aprili na kushika nguvu katikati ya mwaka, pwani ya Makunduchi, Jambiani na Paje hupigwa kutwa. Wakati huo kaa upande wa magharibi, Mangapwani, Bububu, Fumba, au Kendwa. Kaskazi ya Desemba hadi Machi hugeuza mambo, na Nungwi na Matemwe ndizo hupata kishindo. Basi shuka Kizimkazi. Kazi ikikulazimisha kukaa upande wa upepo, elekeza kiungio cha tela upepo unakotoka, ufungue ukumbi upande wa pili. Masika, Aprili na Mei hasa, usitembee. Tafuta mahali pa juu, ondoa uzito kwenye magurudumu, tengeneza kilichoharibika.

Usipaki chini ya mnazi wenye nazi. Usipaki ufukweni ulipokuta pakavu bila kuuliza bamvua linafika wapi: maji ya kujaa na ya kupwa siku za bamvua hutofautiana hadi mita nne, na mgeni huona mchanga mkavu tu. Mkungu na mwembe ina kivuli kizuri.

Mji Mkongwe usiuingize kwenye mipango ya kulala. Vichochoro vyake, vilivyomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, vilijengewa watu na mizigo ya mabegani. Acha tela kwa jamaa Ng'ambo au shamba, nenda Darajani kwa daladala, nunua, na mzigo mzito mpe mwenye mkokoteni.

Vijijini, usitie mguu wa tela ardhini kabla ya kumwona sheha wa shehia hiyo. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, lakini miti ina wenyewe, na pale panapoonekana pori pana mtu ambaye babu yake alipanda minazi. Nenda mchana, umevaa kwa heshima, upige hodi. "Asalamu alaykum, mzee wangu. Natoka mjini, nafanya kazi ya cherehani. Naomba ruhusa nikae hapa siku kumi, nimekuja kukuona wewe kwanza." Mpe nakala ya kitambulisho bila kusubiri aombe. Uliza choo utakachotumia na kisima utakachoteka, na kama kuna malipo, lipa. Chukua na ndoo yako yenye mfuniko na majivu kwa usiku, na turubai la kuzungushia mahali pa kuogea, ili wewe na majirani zako mstirike. Takataka zako zirudi nawe.

Kuhusu karatasi: kabla ya fundi kuwasha mashine, peleka mchoro wenye vipimo kwenye ofisi inayosajili vyombo vya moto, uulize tela la nyumbani linakaguliwaje na linahitaji namba gani. Ni rahisi kubadilisha mchoro kuliko kukata chuma. Uliza pia bima, Shirika la Bima la Zanzibar au kampuni nyingine, kama bima ya gari inafunika kinachokokotwa. Taa za breki, za kona na viakisi vyekundu viwe vinafanya kazi kila siku, kwa sababu vizuizi vya polisi ni vingi na kwa sababu usiku wa barabara za shamba una baiskeli, ng'ombe na watoto. Huhitaji kwenda zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Kisiwa hakikukimbii.

Safari ya kwanza iwe bila mzigo, asubuhi, kutoka mjini kuelekea Bububu. Simama ukifika. Kaza nati za magurudumu tena, maana rimu zikishatembea kidogo nati hulegea. Tazama mnyororo haukwaruzi lami, na taa bado zinawaka. Kisha weka kiganja kwenye kila habu: uvuguvugu ni wa kawaida, lakini ikikuunguza beringi imekazwa mno au haina grisi. Irekebishe hapo hapo Bububu, usubiri ipoe, ndipo uendelee na njia ya Mahonda.